Ugonjwa wa Huzuni: Kila Kichwa na Kipimo Chake

Somo kwa wamama wa kliniki

Siku ya kupima watoto tunakuta mara nyingine mtoto ambaye kilo zake zinashuka kila mwezi. Hana homa. Haharishi. Mama yake ana maziwa, na nyumbani bukari haikosekani. Tunaangalia fishi ya mtoto, tunauliza hili na lile, na mama anatazama chini. Mwishoni anasema kwa sauti ndogo: "Shiko na nguvu ya kumubeba. Minachoka bule. Minalia bila sababu."

Hapo tunafahamu kwamba mgonjwa wa kwanza si mtoto. Ni mama. Na ugonjwa wake ndio unaokula kilo za mtoto.

Somo la leo ni juu ya ugonjwa huo wa huzuni. Tutaona nini kinatokea ndani ya kichwa. Tena tutajifunza jambo ambalo wanganga wa nchi za mbali wamelijua baada ya kukosea miaka mingi: kwamba watu wawili wenye huzuni moja hawaponi kwa kipimo kimoja. Halafu tutaona jambo hili linatufaa nini sisi wa Kilwa, fasi ambayo hakuna mashine zao.

1. NI UGONJWA GANI?

Si kila machozi ni ugonjwa. Ziwa Moero linachukua wavuvi, na wake zao wanalia. Mwezi wa 12 mwaka 2000, vita vilipofika Pweto, watu wengi walivuka kwenda Zambia na vitu vichache kichwani. Mwezi wa 10 mwaka 2004 damu ilimwagika hapa Kilwa penyewe, na kuna nyumba zinazokumbuka mpaka leo. Kulia maiti ni haki ya mtu. Tena mama aliyezaa, katika siku za kwanza, anaweza kulia lia bila kujua sababu. Machozi hayo yanapita yenyewe kabla ya wiki mbili.

Ugonjwa wa huzuni ni kitu kingine. Unakaa. Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mama yuko namna hii:

– roho yake ni nzito, au hasikii furaha ya kitu chochote, hata mtoto akicheka;
– usingizi unamkimbia hata wakati mtoto amelala, au anataka kulala mchana kutwa;
– chakula hakina utamu, au anakula bila kujua;
– nguvu zimekwisha, kazi ndogo inakuwa kama mlima;
– anajihukumu: "Mimi ni mama mbaya. Afadhali wangepata mwingine";
– anawaza kufa.

Kule Kinshasa, wapimaji walikwenda kwa wamama wa pale na kuwauliza ni ugonjwa gani unaomshika mama baada ya kuzaa. Kazi yao ilichapwa mwaka 2008. Wamama walikuwa na jina lake tayari: maladi ya souci, maana yake ugonjwa wa mawazo. Hakuna mtu wa Ulaya aliyewafundisha. Basi usiseme kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Wamama wetu wanaujua.

Si uvivu. Si bulozi bwa jirani. Wala si alama kwamba mama ameacha kuomba. Maombi ni mazuri, nasi tunaomba pamoja na wagonjwa wetu. Lakini mama mwenye malaria anaomba na kumeza dawa. Kwa ugonjwa huu ni vilevile.

2. NDANI YA KICHWA KUNA NINI?

Ufikirie ubongo kama mji wenye kartie nyingi, na njia nyingi zinazounganisha kartie hizo. Kila kartie ina kazi yake. Moja inasogeza kidole gumba, nyingine inaona kwa macho, nyingine inashika maneno.

Kwa ugonjwa wa huzuni kartie mbili zinatuhusu zaidi. Ya kwanza iko mbele, nyuma ya paji la uso, upande wa kushoto. Hii inasaidia mtu kupanga kazi, kuchagua, na kusukuma mawazo mabaya. Ya pili iko chini sana, katikati ya kichwa, na inafanya kazi wakati wa huzuni. Kwa wagonjwa wengi, ile ya mbele inalegea na ile ya chini inapiga kelele bila kunyamaza.

Umeona wamama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi wa mmoja ukipanda, wa mwingine unashuka. Kartie hizi mbili ni hivyo. Ya mbele ikipata nguvu, ya chini inatulia. Ushike mfano huu wa kinu, kwa maana tutaurudia.

3. SUMAKU INAYOGONGA KICHWA

Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield kule Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha mashine ya namna mpya. Ni waya mnene uliozungushwa, unaowekwa juu ya kichwa. Umeme mkali unapita ndani ya waya kwa kitambo kidogo sana, na waya unakuwa sumaku. Nguvu ya sumaku inapita ngozi na mfupa bila kukata kitu, na ndani yake inaamsha sehemu ya ubongo iliyo karibu. Wakiiweka juu ya kartie ya mkono, kidole gumba kinaruka chenyewe.

Tangu mwaka 1995 wanganga wa Marekani, kati yao Mark George, walianza kuigongesha kila siku juu ya kartie ya mbele ya wagonjwa wa huzuni. Wengine walipata nafuu. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilikubali mashine hiyo kwa wagonjwa ambao dawa ilishindwa kuwaponya.

Mgonjwa hapewi dawa ya usingizi. Anakaa kwenye kiti, anasikia mlio kama wa ndege anayegonga mti, halafu anakwenda nyumbani. Anaweza kuumwa kichwa kidogo. Mara chache sana mtu anaweza kushikwa na kifafa, na mwenye chuma ndani ya kichwa hakubaliwi. Kwa kawaida anarudi siku 5 kila wiki, kwa muda wa wiki 6 hivi.

4. KOSA LA KIPIMO KIMOJA

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye somo.

Sumaku hii haifiki mbali. Inashika sentimeta 2 au 3 tu chini yake. Kartie ya huzuni iko chini zaidi, haiwezi kuifikia. Kwa hiyo wanganga wanagonga ile ya mbele, ili ile ya chini itulie, kama ule mchi wa pili. Lakini je, ni fasi gani hasa ya kugonga?

Zamani walifanya hivi. Walitafuta fasi inayorusha kidole gumba, halafu walipima sentimeta 5 kwenda mbele. Pale waliweka sumaku. Kila mtu, sentimeta 5.

Mama, wewe unajua fundi wa kushona. Akikata vitenge vya wamama wote kwa kipimo kimoja, mmoja atavaa vizuri, mwingine nguo itambana, mwingine itaburuzika chini. Vichwa vya watu ni hivyohivyo. Kimoja ni kikubwa, kingine ni kidogo, na ndani yake mikunjo ya ubongo haifanani kwa watu wawili. Wanganga walipoangalia tena kwa picha, waliona kwamba kwa watu wengi sentimeta 5 ziliangukia nje ya kartie waliyoitaka. Mgonjwa alikuja wiki nyingi, alivumilia kugongwa, na alirudi nyumbani na huzuni yake. Wengine walisema: "Huyu haponi." Kumbe waligonga mlango wa jirani.

5. PICHA YA KILA KICHWA

Kuna mashine kubwa ya kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, ambayo wanganga wetu wanaiita IRM. Mtu analala ndani yake kama ndani ya pipa. Haipigi picha ya umbo tu. Inaweza kuonyesha pia damu inavyokwenda ndani ya ubongo. Kartie inayofanya kazi inavuta damu zaidi. Mgonjwa akilala kimya dakika kadhaa, wanganga wanaona kartie gani zinapanda pamoja, na gani inashuka wakati nyingine inapanda.

Unakumbuka kinu? Ndicho wanachotafuta. Mwaka 2012 Michael Fox na wenzake kule Boston walionyesha kwamba fasi za mbele zilizosaidia wagonjwa zaidi ndizo zile zinazopanda wakati kartie ya chini inashuka. Basi wanganga wakasema: tusipime tena kwa sentimeta. Tutafute kwa kila mgonjwa mchi wake mwenyewe.

Kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Nolan Williams na wenzake walifanya hivyo. Walipiga picha ya kila mgonjwa, walichagua fasi yake, na waligonga mara 10 kwa siku, siku 5 tu. Mwaka 2020 walitoa habari ya wagonjwa 21 ambao dawa nyingi zilikuwa zimewashinda. Wagonjwa 19 kati yao huzuni iliondoka. Halafu walijaribu na wagonjwa 29. Kundi la watu 14 walipata sumaku ya kweli. Kundi la watu 15 waliwekewa mashine inayolia tu bila nguvu, na wagonjwa hawakujua wako kundi gani. Katika muda wa wiki 4 zilizofuata, huzuni iliwaondoka watu 11 wa sumaku ya kweli, na watu 2 wa kundi lingine. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilikubali namna hii ya kutibu.

6. JE, PICHA NDIYO INAYOPONYA?

Tusikimbilie kushangilia. Watu 14 ni wachache. Tena, Stanford walibadilisha mambo mawili kwa mara moja: fasi ya kugonga, na wingi wa kugonga. Mama akiongeza chumvi na mafuta pamoja katika sombe, na sombe ikawa tamu, atajuaje ni nini kilichotia utamu?

Mwaka 2024 wanganga wa Uingereza walitoa jibu la kazi yao, na wagonjwa 255. Wote walipigwa picha. Kundi moja fasi ilichaguliwa kwa picha ya njia za kartie. Kundi lingine picha ya umbo ilitumika kuweka sumaku juu ya fasi ya kawaida. Baada ya wiki 26 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na hakuna lililoshinda lingine.

Basi tunasema nini? Kupima kila mtu peke yake ni njia nzuri, na wanganga wanaendelea kuitafuta. Lakini picha si miujiza. Hata wao wenye mashine kubwa wanajifunza bado.

7. NA SISI WA KILWA?

Mashine hii haiko Kilwa. Usiuze mbuzi wako kwa kuitafuta. Tena ujilinde: mtu akija sokoni na bangili ya sumaku, au jiwe la kuvaa kichwani, akisema linaondoa mawazo, usimpe pesa yako. Sumaku ya wanganga inafanya kazi kwa sababu ni ya nguvu nyingi sana na inawaka na kuzimika upesi upesi. Sumaku ya bangili inakaa tu. Haiamshi kitu ndani ya kichwa.

Lakini somo lao tunaweza kulichukua bure. Somo ni hili: usimtibu mama kwa sentimeta 5. Mama mmoja huzuni yake imeanza na mimba iliyoharibika. Mwingine na bwana anayepiga. Mwingine na deni la nyavu. Mwingine hakuna sababu yoyote anayoweza kuonyesha, na bado ni mgonjwa kweli. Tukiwaambia wote "Jikaze, mama", tumegonga mlango wa jirani.

Sisi hatuna picha. Tuna maulizo, na tuna kinywa chako. Muuguzi atakuuliza juu ya usingizi, chakula, nguvu, mawazo, na watu wa nyumbani. Usijibu "niko muzuri" kwa heshima tu. Jibu la adabu linaficha fasi ya ugonjwa, na sisi tutakosea kipimo.

Na matibabu yapo:

Kwanza, kusema pamoja katika kikundi. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai kule Uganda, watu wa vijiji 30 walijaribu jambo hili. Kabla ya kuanza waliuliza wenyeji majina yao wenyewe ya huzuni. Halafu katika vijiji vingine watu wenye ugonjwa walikaa kikundi kila wiki dakika 90, muda wa wiki 16. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliofundishwa, si wanganga. Mbele ya kuanza, watu 86 kwa kila 100 katika vikundi hivyo walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Mwishoni hawakufika 7 kwa 100. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, walishuka kutoka 94 kwa 100 mpaka karibu 55. Na hapa Kongo, kwa dada zetu wa Kivu ya Kusini waliotendewa ubaya wa vita, vikundi vya kusaidiana kwa mafundisho vilileta nafuu kubwa. Habari hiyo ilichapwa mwaka 2013. Ona: bila waya, bila umeme.

Pili, dawa. Munganga atachagua dawa inayofaa, hata kwa mama anayenyonyesha. Haifanyi kazi siku moja kama dawa ya kichwa. Inaomba wiki kadhaa. Usiiache ghafula kwa sababu umesikia nafuu, na usimpe jirani vidonge vyako. Vimepimwa kwa ajili yako.

Tatu, kutumwa mbele. Ugonjwa ukiwa mzito, au mama akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, tutamtuma Lubumbashi kwa wanganga wa magonjwa ya akili, kama kwenye Kituo Joseph Guislain. Njia ya Kasenga ni ndefu, hasa wakati wa mvua. Kwa hiyo usingoje mpaka ugonjwa ukomae.

8. WATU WA NYUMBANI WAFANYE NINI?

Bwana, mama mkwe, dada, somo hili ni lenu pia.

– Usimwambie "Wengine wamezaa 8 na hawalii." Maneno hayo yanaongeza mzigo.
– Chukua mtoto usiku mmoja kati ya kunyonya, mama alale saa 4 au 5 pamoja.
– Mchotee maji. Mtwangie. Mpe chakula mkononi, usingoje aombe.
– Kaa naye. Uliza: "Leo roho iko namna gani?" Na ngoja jibu.
– Msindikize kliniki. Mgonjwa wa huzuni mara nyingi hana nguvu ya kuja peke yake.

9. HATARI! SIKU HIYOHIYO

Mama akisema anataka kufa, au anaogopa atamdhuru mtoto, au anasikia sauti zinazomwamuru, usiseme anacheza. Kumuuliza wazi "Unawaza kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani. Kunamfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake, hata chooni umngoje nje. Ficha sumu ya panya, dawa ya bilulu, vidonge, kisu na kamba. Mlete hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, hata siku ya Mungu. Mtoto aje pamoja naye.

Mama mpendwa, wanganga wakubwa walihitaji miaka mingi na mashine za bei kali ili wajue kwamba kila kichwa kina kipimo chake. Wewe ulilijua jambo hilo tangu ulipozaa mtoto wa pili na kuona hafanani na wa kwanza. Basi siku ya kupima watoto, mtoto akishuka kwenye kilo, usiondoke upesi. Baki kidogo. Tuambie na habari ya roho yako.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Machozi ya siku za kwanza baada ya kuzaa na ugonjwa wa huzuni vinaachana namna gani?
2. Kwa nini kipimo cha sentimeta 5 hakikuwafaa wagonjwa wote?
3. Kinu na michi miwili inatufundisha nini juu ya ubongo?
4. Kwa nini bangili ya sumaku haiwezi kuponya huzuni?
5. Jirani yako akikuambia "Ningependa kulala na nisiamke tena", utafanya nini leo, kabla jua halijazama?